Mwanamke wa Nyumbani kwa Wani

Shemeji yangu Wani Lokosang ana kero zake, nami sitazificha kwa sababu tu yaliyompata yanatia huruma. Ukimkaribisha nyumbani, kabla hajauliza hali ya watoto atapitisha kiganja juu ya meza yako. Na kama una jiko la kisasa lenye kaunta ya mawe, basi umekwisha. Atainama, atachungulia kwa pembeni jinsi mwanga unavyoliangukia jiwe, kisha atauliza ni nani aliyemwaga siki hapa. Mdogo wangu Suzan aliolewa na mtu huyo kwa hiari yake, na mimi, Santina, dada yake mkubwa, nilimwonya mapema.

Kazi hiyo Wani aliipata Kampala, wakati sote tulikuwa wakimbizi Uganda. Alianza kwa kufagia vumbi kwenye karakana ya kukata mawe, akaishia kuwa fundi wa kuyang'arisha. Amani ilipokuja tukarudi Juba, na mji ukawa unajengwa kwa pupa. Hoteli zilichipuka kando ya mto. Wakubwa walitaka majiko na bafu kama walivyoviona ng'ambo. Mawe yalikuja kwa malori, yakapachikwa, na haukupita muda yakachakaa, maana wapishi waliyasugua kwa majivu na mchanga kama wanavyosugua sufuria. Hapo Wani akapata riziki. Alizunguka mjini na ndoo yake, vitambaa vyake na mashine ndogo ya kung'arishia, na wapishi walimwogopa kuliko walivyowaogopa waajiri wao.

Mafunzo yake tuliyajua sote kwa moyo, tutake tusitake. Jiwe huoshwa kwa maji ya uvuguvugu na sabuni kidogo, halafu hukaushwa, maana maji yakiachwa yakauke yenyewe huacha chokaa. Ukitaka kujua kama jiwe lina kiu, lidondoshee tone la maji usubiri: likigeuka jeusi mahali pale, limekunywa, na lazima lipakwe dawa ya kuziba. Doa la mafuta hufunikwa kwa magadi yaliyokorogwa kama uji mzito, yakaachwa yalifyonze. Graniti ni mvumilivu, lakini marumaru ni kama mtoto mchanga. Siki, nyanya, karkade ile chai yetu nyekundu, vyote vinaidhuru, na adui wake mkubwa ni ndimu. Alama ya ndimu haifutiki kwa sababu si uchafu. Ni jiwe lenyewe limeliwa. Dawa yake ni kulisaga upya kwa msasa na maji, kuanzia ule wa kukwaruza hadi ule laini kabisa.

Sasa sikia kichekesho. Mtu huyu alijenga nyumba yake kule Jebel, chini ya mlima, nyumba ya matofali ya kuchoma na bati, jiko lake likiwa chumba kidogo kilichojitenga uani. Hakuwa na bomba la maji wala umeme. Lakini ndani ya jiko lile, mkabala na mafiga matatu na gunia la mkaa, alipachika kipande cha marumaru nyeupe kilichotupwa na hoteli moja kwa sababu kilivunjika pembe. Kilikuwa cha bafuni, chenye tundu la sinki katikati. Wanawake wa mtaani walikuja kukitazama, wakamwuliza Suzan maji yatatoka wapi. Suzan alitumbukiza karai la plastiki kwenye tundu, likakaa sawasawa, akasema maji yatatoka kichwani kwangu kama yalivyotoka siku zote.

Alilipenda jiwe lile, nadhani, kwa kadiri mtu anavyoweza kupenda kitu anachokatazwa kukigusa. Usiweke sufuria ya moto. Usikatie nyanya. Usisahau kikombe. Ndimu zikatiwe nje, kwenye kibao. Krismasi moja wageni walijaa uani, samaki wamekaangwa, Suzan ana haraka, akakatia ndimu juu ya jiwe. Wani aliingia akaona. Alimpokonya kisu mbele ya mama wakwe na mashangazi, akapangusa jiwe kwa shati lake mwenyewe, akasema, "Mkono yako haina akili?" Suzan alilia siku ile, naye si mtu wa kulia ovyo. Mimi nilisema nililosema, na Wani akakaa bila kunisalimu hadi Pasaka.

Kisha vita vikaturudia. Mwezi wa saba wa 2016 risasi zililia Jebel mchana na usiku, na zilipotulia watu walifungasha walichoweza kubeba. Suzan alichukua watoto, akapita njia ya Nimule, akafikia kambi ya Bidi Bidi upande wa Uganda. Mimi nilikuwa Koboko, huko huko Uganda, na biashara yangu ya samaki wakavu. Wani alibaki. Nyumba ikiachwa tupu, alisema, siku ukirudi utakuta mtu mwingine anakuuliza wewe ni nani. Walikubaliana hivyo, mke na mume, kwamba yeye ailinde nyumba ili watoto wawe na pa kurudi. Simu yake iliporwa siku zile za risasi, kwa hiyo Suzan alikuwa akimpigia Jumapili kupitia simu ya kibanda cha kuchaji pale sokoni, Wani akiongea huku wateja wamemzunguka.

Nikapata habari zao kwa mwaka mzima hivyo hivyo, kijuujuu: nyumba iko salama, watoto wako salama. Halafu siku moja Suzan akanipigia sauti yake ikiwa kavu.

"Wani ana mwanamke," akasema.

Nilicheka. Wani? Mwanamke gani angemvumilia na kitambaa chake?

"Usicheke. Tisa amemwona."

Tisa ni jirani yao wa Jebel, ukuta kwa ukuta. Alikuwa amekuja kambini kuwaona wazee wake, na kama jirani mwema yeyote, hakuja mikono mitupu. Alisema nguo za kike zinaanikwa kwa Wani kila wiki. Anasikia simsim, ule ufuta wetu, ikisagwa asubuhi. Anamsikia Wani akiongea na mtu jikoni, tena kwa upole. Uso wa huyo mtu hajauona, maana hatoki, lakini jalalani kwa Wani kuna maganda ya ndimu tele. Na Tisa aliingia siku moja kuomba moto, akachungulia: jiwe lote limejaa alama za ndimu.

"Santina, unaelewa?" Suzan akasema. "Mimi alinipokonya kisu. Huyo anakata anavyotaka. Nguo ningesema labda. Simsim ningesema labda. Lakini ndimu juu ya jiwe lile, Wani hawezi kumruhusu mtu asiyempenda."

Nilimjua Wani, na kwa kumjua huko nikaamini.

Suzan aliacha kupiga simu Jumapili. Aliniomba kitu kimoja: safari yangu nyingine ya Juba, nipite Jebel, nimletee jina la mwanamke huyo. Hakutaka ugomvi. Alisema akilijua jina ataweza kulala, kisha atajua kama yeye mwenyewe bado ana mume au hana. Niliahidi jina. Ugomvi niliuongeza mwenyewe, kimoyomoyo, njia nzima ndani ya lori, nikipanga maneno niliyokuwa nimeyaweka tangu Krismasi ile.

Nilifika Juba nikashukia kwa wenzangu wa biashara, na kesho yake mchana nikachukua boda hadi soko la Jebel, nikamalizia kwa miguu. Nyumba nyingi za njia ile zilikuwa na wakazi wasiojulikana: magodoro mageni vibarazani, buti zimeanikwa juu ya ua. Kwa Wani uwanja ulikuwa umefagiwa kwa ile mistari mizuri ya ufagio wa mwanamke. Na kambani, bado inadondosha maji, ilikuwa lawa, ile shuka tunayofunga begani, ya manjano yenye ndege. Niliijua. Nilimnunulia Suzan mimi mwenyewe.

Damu ilinipanda. Kuoa mwingine ni jambo moja, lakini kumvisha nguo za mdogo wangu!

Nikasogea polepole kuelekea jikoni. Jiwe la kusagia lilikuwa likikwaruza, kwa-kwa, kwa-kwa, halafu likanyamaza, nikasikia sauti ya Wani ndani. "Wacha, wacha, mimi nabeba maji. Wewe pumzika, Suzan."

Nikasimama. Kwa hiyo na huyu naye anaitwa Suzan. Mwanaume ana bahati, nikawaza, hata jina hakuhitaji kubadilisha. Nikausukuma mlango kwa mguu.

Wani alikuwa amepiga magoti sakafuni mbele ya jiwe la kusagia, mikono imejaa simsim. Alikuwa amekonda sana. Nikatazama nyuma ya mlango. Nikatazama nyuma ya gunia la mkaa. Hapakuwa na mtu. Yeye akanitazama, na badala ya kunisalimu akaweka kidole mdomoni, akasema kwa sauti kubwa ya kuvuka ukuta, "Suzan! Dada yako Santina amefika! Toa kiti!" Kisha akainuka, akatoa kiti mwenyewe.

Nilikaa. Nilidhani amerukwa na akili, na mtu aliyerukwa na akili hupewa nafasi.

Aliniambia yote kwa kunong'ona, akisita kila mara kusikiliza nje. Miezi michache baada ya Suzan kuondoka, rafiki yake Ezbon Igga, aliyebaki peke yake kama yeye, alitoka kwenda sokoni kununua unga. Aliporudi alikuta watu wenye bunduki wamekwisha kutandika magodoro yao ndani. Aliwaambia hii nyumba ni yangu. Wakamwuliza mke wako yuko wapi, watoto wako wapi, sufuria ya mchana iko wapi. Mwanaume peke yake ni mpita njia, wakamwambia, nyumba ni ya watu wenye familia. Ezbon alilala kanisani, kisha akaondoka mji.

Aliyewaongoza alikuwa Saturnino, mtu wa mtaani tu, hana sare wala bunduki. Kazi yake ilikuwa kuzunguka, kuchungulia juu ya nyua, na kuwaambia wenye bunduki ni nyumba ipi haina wenyewe. Alijua kusoma uwanja. Ufagio umepita? Moshi umetoka? Kamba ina nini? Wani alimwona akisimama nje ya nyumba yake, na jioni hiyo hiyo akatoa lawa ya Suzan sandukuni, akailoweka ikiwa safi, akaianika.

Basi ndivyo alivyompata mwanamke wake. Alifagia kama Suzan. Aliamka kusaga simsim ambayo hakuwa na hamu ya kuila. Aliongea na Suzan kwa sauti ili majirani wasikie, maana jirani akijua, Saturnino atajua. Tisa hakuambiwa, kibanda cha simu hakikuambiwa, na Suzan naye hakuambiwa, kwani neno likisemwa mbele ya wateja wote wale lingemfikia Saturnino kabla simu haijakatika. Wani alidhani atamweleza mkewe siku watakapoonana. Hakuwaza kabisa kwamba Tisa naye ana miguu na mdomo.

"Na jiwe?" nikauliza. Nilikuwa nimelitazama muda wote. Marumaru ile nyeupe, iliyokuwa ikikuonyesha uso wako, ilikuwa imefifia mabaka mabaka kama shingo ya mtu mwenye choa. Duara za vikombe. Doa la manjano la bizari. Michirizi ya ndimu toka ncha hadi ncha.

Alikunja uso kama mtu aliyeguswa kidonda.

Saturnino aliingia siku moja, akajifanya anaomba maji ya kunywa. Aliona lawa, aliona moshi, akaridhika nusu. Halafu akafika jikoni, akapitisha mkono wake juu ya jiwe. Ukateleza. Wani alikuwa bado akilipangusa kila siku, asubuhi na jioni, kwa sababu ndilo jambo pekee lililobaki kufanana na zamani. Saturnino akatabasamu. "Wani," akasema, "jiwe hii iko safi kama ya hoteli. Mwanamke gani iko pika bila kumwaga?"

Wani alimwambia mke wangu ni msafi. Saturnino akanywa maji, akasema atarudi kumsalimu mama.

"Nikanunua ndimu," Wani akaniambia. "Nasiba, nilishika kisu muda mrefu." Nasiba ndilo neno letu la Juba la shemeji, naye huniita hivyo kwa heshima hata akiwa na hasira nami. "Nilikata. Juisi ikamwagika, ikatoa povu kidogo kama soda, nikaiacha. Kazi yangu yote ni kupangusa hiyo kitu haraka, na mimi nikakaa chini nangoja ikule jiwe. Hapo nikakumbuka nilimliza Suzan kwa sababu ya hii. Mbele ya mama yake."

Saturnino alirudi kweli. Wani akamwambia mama ameenda kuchota maji. Yule bwana akatazama ndimu iliyokatwa, bizari iliyomwagika, kikombe kilichosahauliwa, akapitisha mkono tena, akaenda zake. Tangu hapo Wani hakulipangusa jiwe. Kila wiki alilikatia ndimu mpya.

Nikamwuliza kama alikuwa akiogopa sana. Aligeuza uso ukutani ndipo akajibu.

"Kuogopa unazoea. Mwanzo nilikuwa naongea na yeye kwa ajili ya Tisa asikie. Halafu nikaanza kungoja anijibu. Nikisema Suzan, chai iko tayari, nanyamaza kidogo, unaona, kumpa nafasi. Nilikuwa namgombeza, kama zamani, ili watu waamini. Halafu nikaona aibu kumgombeza mtu ambaye hayuko. Nikaanza kumwambia maneno mazuri. Maneno ambayo hakuwahi kuyasikia." Akajikuna kichwa chenye simsim. "Halafu simu ya Jumapili ikaacha kulia. Nilikaa pale kibandani kila Jumapili mpaka wanafunga. Mimi nikadhani amekufa, Santina. Wewe ulipofungua mlango na huo uso wako, nikajua umeleta habari ya msiba."

Maneno yangu yote ya lorini yaliisha hapo hapo. Nilichomoa simu yangu nikampigia Suzan.

Nilidhani ni jambo jepesi. Dada mkubwa amekwenda, amekagua, amerudi na jibu. Nikamweleza toka mwanzo: Ezbon, Saturnino, lawa, simsim. Nilipomaliza Suzan akauliza, "Na ndimu?"

"Alikata mwenyewe."

"Wani."

"Wani mwenyewe, Suzan. Ili ionekane kuna mtu."

Nikasikia kuku wa kambini. Kisha akasema polepole, "Umemwonea huruma. Umemkuta amekonda, amekulilia, ukalainika. Mimi nimekaa na yule mtu. Mvua ikivuja anaanza kufunika jiwe kabla ya kumfunika mtoto. Wani hawezi kuweka ndimu pale. Mwanamke amefichwa, Santina. Alipata muda wa kumficha."

"Nimeangalia mpaka nyuma ya mkaa!"

"Basi yuko kwa jirani. Mwambie asijisumbue tena. Mimi nitalea watoto wangu."

Wani alikuwa amesogea karibu, anasikia kila neno. Alininyang'anya simu. Akasema Suzan, mimi niko peke yangu, naapa mbele ya Mungu, niko peke yangu. Akajibiwa kwamba kila mwanaume aliyeshikwa huwa yuko peke yake. Akaanza kueleza mambo ya jiwe, akajichanganya, akarudi kwenye ndimu, na kila alipotaja ndimu mambo yalizidi kuharibika. Nilimwona akiishiwa. Angeweza kusema lolote kutoka ndani ya jiko lile na lisingemsaidia, maana kila kitu mle ndani kilishuhudia dhidi yake, na alikuwa amekipanga kwa mikono yake.

Akasimama. Akaniuliza jinsi ya kuiweka simu sauti kubwa, nikamwonyesha bila kuwaza. Akatoka.

Mbele ya nyumba yao barabara hupanuka, na lori la maji lilikuwa limesimama pale, watu wamepanga ndoo na mapipa. Tisa alikuwa kwenye foleni. Pembeni alikaa mwanamke muuza chai na vibao vyake vya kukalia, na kwenye kibao kimoja, glasi mkononi, alikuwa Saturnino. Nilimjua kabla sijaonyeshwa, kwa jinsi watu walivyoacha nafasi kumzunguka. Nikamkimbilia Wani nikamshika shati. "Wani, usifanye hivyo. Nitarudi kwa Suzan, nitamwambia uso kwa uso." Hakunisikia, au hakutaka.

Aliinua simu juu kama mtu anayetafuta mtandao.

"Watu wa Jebel!" akaita. Foleni ikageuka. "Nyie wote munanijua. Mimi Wani, fundi wa mawe. Mke wangu Suzan iko Bidi Bidi. Iko Bidi Bidi tangu vita. Katika nyumba hii hakuna mwanamke. Hakuna mke, hakuna mgeni, hakuna mtoto. Nguo naanika mimi. Simsim nasaga mimi. Tisa, ile sauti unasikia, naongea peke yangu."

Tisa akaweka mkono mdomoni.

"Mimi naishi peke yangu!" Wani akapaza sauti zaidi, na ikakatika katikati. "Mwaka mzima. Peke yangu!"

Kutoka kwenye simu ile juu ya kichwa chake sauti ya mdogo wangu ikatoka, ikikwaruza, kubwa kuliko nilivyowahi kuisikia.

"Wani, nyamaza! Nyamaza, mume wangu, watachukua nyumba! Santina, mzibe mdomo! Watachukua ny—"

Salio langu likaisha. Hakuna aliyesogea. Maji yalikuwa yakifurika kwenye pipa la mtu na mwenyewe hakuyaona. Wani alishusha simu, akaisikiliza sikioni, akaitazama, akanigeukia.

"Alisema nini mwisho?"

"Alisema unyamaze," nikamwambia. "Watachukua nyumba."

Alitafakari. Kisha uso wake ukafunguka, nami sijui niseme alicheka au alilia, yote mawili yalikuwepo. "Basi ameamini," akasema. Akakaa chini pale pale barabarani, vumbini, kama mtu aliyetua gunia.

Tisa alikuja akasimama mbele yake, akataka kusema kitu, akaishia kumchotea maji kwa kopo lake. Wengine wakarudi kwenye ndoo zao na kuongea mambo mengine. Kila mtu alijua alichokiona, na hakuna aliyekuwa na la kufanya, kwa kuwa nusu yao wenyewe walikuwa na wake wa kambani, nguo tu zisizo na mtu.

Saturnino alimaliza chai yake bila haraka. Akarudisha glasi, akaja hadi langoni tulipokuwa tumemwinua na kumfikisha Wani. Alikuwa mpole kabisa, na upole wake ndio ulionikera.

"Mzee Wani, pole," akasema. "Munatoka lini? Mimi nisilete watu kabla nyinyi hamujafunga mizigo. Si vizuri watu kukutana mlangoni."

Nilimwambia mambo ambayo sitayaandika. Alinisikiliza kwa adabu, kisha akamtazama tena Wani, akingoja.

Wani alikuwa akitazama ndani, uwanja aliokuwa ameufagia asubuhi. Nilidhani atabembeleza, au atapigana, na nilikuwa tayari kumsaidia kwa lolote kati ya hayo.

"Kesho asubuhi," akasema. Alikuwa akiongea kwa sauti ya chini, ya kawaida, ya mtu anayemjibu mtu aliye mbele yake. "Kuna gari ya Nimule saa moja. Mke wangu ananingoja."